Anayejisemea na Anayejua: Uzungumzi Nafsi na Kinaya cha Kidrama katika Kinjeketile

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa uzungumzi nafsi na kinaya cha kidrama katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969). Ulinganisho unafanywa na Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua tangu tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1963. Inadaiwa kwamba mbinu hizi mbili, ambazo uhakiki wetu huzitaja kila moja peke yake, haziwezi kuelezwa moja bila nyingine, kwa kuwa zote mbili zinahusu mgawanyo wa maarifa baina ya wahusika na hadhira. Katika Kinjeketile mgawanyo huo umepinduliwa: shujaa si wa mwisho kujua, bali ni wa kwanza, na msiba wake unatokana na kujua huko.

Utangulizi

Mwanafunzi anayekuja katika semina ya uzamili kuchambua tamthilia mara nyingi huja na orodha. Humo mna taharuki, jazanda, kinaya, uzungumzi nafsi, mbinu rejeshi na kisengere nyuma, kila mbinu na mfano wake, kila mfano na ukurasa wake. (Mbili za mwisho aghalabu ni jambo moja lililopewa majina mawili, na alama mbili.) Orodha hiyo hakuibuni yeye. Ndivyo alivyofunzwa kujibu mtihani, na ndivyo miongozo mingi ya tamthilia inavyoandikwa. Ubaya wake ni kwamba inamfanya aone mbinu kama shanga zilizotawanyika, asiulize uzi uliozishika uko wapi.

Ulizeni kuhusu uzungumzi nafsi katika Kinjeketile. Jibu la kawaida ni kwamba mhusika mkuu anajisemea anapokuwa na shaka, na kwamba mbinu hiyo inatusaidia kuyajua mawazo yake ya ndani. Ulizeni kuhusu kinaya. Mtaambiwa kwamba watu waliamini maji yatawakinga na risasi, kumbe hayakuwakinga. Majibu yote mawili ni sahihi, na yote mawili yanaiacha tamthilia ilipokuwa. Swali ambalo halijaulizwa ni hili: Kinjeketile anapoyatamka mashaka yake, nini kinatokea kwa kinaya kile cha maji? Makala haya yanajaribu kulijibu.

Kujisemea

Inafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimeyabeba kwa namna yake. Istilahi uzungumzi nafsi ina mgongano ndani yake. Kuzungumza ni kitendo cha watu wawili au zaidi. Mtu aliye peke yake husema, huimba, hulia, lakini hazungumzi mpaka apate wa kuzungumza naye. Kwa hiyo istilahi hii, pengine bila waliyoibuni kukusudia, inadai kwamba mhusika aliye peke yake jukwaani amegawanyika, na kwamba nafsi yake ndiyo mwenzake wa mazungumzo. Monolojia haina mgongano huo. Ni usemi mrefu wa mtu mmoja tu, awe na wasikilizaji jukwaani au asiwe nao.

Kitenzi cha mitaani kina utajiri zaidi kuliko istilahi zote mbili. Tunasema mtu anajisemea. Hapa kuna kirejeshi ‑ji‑ pamoja na kauli ya kutendea, na kauli hiyo hufungua milango mitatu. Kwanza, mtu anasema na nafsi yake. Pili, anasema kwa ajili ya nafsi yake, yaani anajitetea, kama msemaji anavyowasemea wenziwe. Tatu, na hii ndiyo maana ambayo wahakiki huisahau ingawa kila aliyepita shule ya msingi anaijua, anajishtaki: mtoto humsemea mwenzake kwa mwalimu. Anayejisemea jukwaani hufanya yote matatu kwa pamoja. Anajihoji, anajitetea, na bila kujua anajisemea kwetu sisi tuliokaa kimya gizani tukimsikiliza. Hapo ndipo uzungumzi nafsi unapogusana na kinaya cha kidrama, kwa kuwa tunatoka ukumbini tukiwa na siri ambayo wahusika wengine hawana.

Neno kinaya nalo lina historia. Katika balagha ya Kiarabu ni kusema jambo moja na kumaanisha lile linaloambatana nalo. Katika Kiswahili cha zamani lilikuwa pia na maana ya mtu kujiona amejitosheleza, kukaribia kiburi. Uhakiki wa kisasa umelitumia kwa maana ya tofauti baina ya kinachosemwa na kilicho, au kinachotarajiwa na kinachotokea, na ukaiacha ile maana ya kiburi. Kwa maoni yangu iliachwa mapema mno. Shujaa wa kinaya cha kidrama mara nyingi ni mtu aliyejitosheleza kwa anachokijua. Caesar, nukta chache kabla ya kuchomwa visu, anajifananisha na nyota isiyohama mahali pake. Kinaya chake ni kinaya kwa maana zote mbili.

Usiku bustanini

Kabla ya kumrudia Kinjeketile, natazama mahali ambapo mbinu hizi mbili zimefumwa kwa uwazi usio na kifani. Tafsiri ya Nyerere imeandikiwa mengi kwa sababu ya mtafsiri wake: kiongozi wa nchi changa akitafsiri habari za kuuawa kwa mtawala. Sitayarudia hayo. Kinachonihusu ni mpangilio wa maonyesho, ambao tafsiri yoyote yenye uaminifu haina budi kuuhifadhi.

Mwishoni mwa onyesho la pili la tendo la kwanza, Cassius anabaki peke yake. Anatuambia kwamba Brutus ni mtu mwema ambaye wema wake unaweza kupindwa, na kwamba usiku ule atatupa dirishani kwa Brutus barua zilizoandikwa kwa miandiko tofauti, kana kwamba zimetoka kwa raia wengi. Usemi ni mfupi. Kisha, katika onyesho la kwanza la tendo la pili, Brutus yuko bustanini kwake usiku, naye anajisemea. Anaanza na hitimisho, kwamba Caesar lazima afe, kisha ndipo anatafuta sababu. Anakiri kwamba yeye binafsi hana kisa naye. Anakiri pia kwamba hajapata kumwona Caesar akitawaliwa na hisia zake kuliko akili. Sababu anayoipata hatimaye imejengwa juu ya jambo ambalo halijatokea: kile ambacho Caesar angeweza kuwa akivikwa taji. Ndipo kijana Lucius anapomletea barua iliyookotwa dirishani. Barua yenyewe haijakamilika. Ina mapengo, na Brutus anayajaza mwenyewe kwa maneno yake, kisha anaisikia kama sauti ya Roma.

Hapa uzungumzi nafsi wa mtu mmoja umeutia kinaya uzungumzi nafsi wa mwingine. Bila Cassius kujisemea kwetu, maneno ya Brutus bustanini yangekuwa tafakuri adhimu ya raia mwenye dhamiri. Baada ya Cassius, kila neno la adhimu linatuuma, kwa maana tunamjua aliyeandika ile sauti ya Roma. Na Brutus hasemi uongo. Hili linaivunja kanuni ambayo hurudiwa darasani, kwamba mhusika akijisemea husema kweli. Husema anachokiamini. Uaminifu wa usemi na ukweli wa usemi ni vitu viwili, na nafasi iliyopo kati yao ndiyo makao ya kinaya.

Mfano wa pili unaihusu monolojia. Antony, akiachwa peke yake na maiti, anatabiri vita na kisasi. Katika onyesho linalofuata anapanda mimbari mbele ya umati na kutoa hotuba ambayo watu wengi wanaijua hata kama hawajapata kuisoma tamthilia nzima. Hotuba hiyo ni monolojia yenye wasikilizaji. Umati unadhani unaona huzuni ikimfunua mtu; sisi tumekwisha kumsikia akiwa peke yake, kwa hiyo tunaona huzuni ikifanya kazi. Pasipo uzungumzi nafsi uliotangulia, wengi wetu tungekuwa sehemu ya umati. Na huenda hata hivyo tumo.

Katika mifano hii yote maarifa yanakwenda upande mmoja: kutoka jukwaani kuja kwa hadhira, huku mhusika mwenye kuhusika zaidi akiachwa nje. Ndivyo ilivyo pia katika tamthilia ya Sophocles kuhusu mfalme wa Thebes, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili: kila mtu, akiwemo nabii kipofu, anajua au anashuku kabla ya mfalme, na mfalme ndiye wa mwisho.

Shujaa wa kwanza kujua

Hussein anaanza na faida ambayo Sophocles pia alikuwa nayo: hadhira inakijua kisa. Mtazamaji wa mwaka 1969 hakuhitaji kuambiwa kwamba maji hayakuzuia risasi. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa bado katika kumbukumbu za wazee wa kusini, na vilikwisha kupewa nafasi katika masimulizi ya ukombozi. Nyerere mwenyewe alivitaja mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Kwa hiyo tangu Kinjeketile anapotoka mtoni akiwa amepagawa na Hongo na kuwagawia watu maji, hadhira iko juu ya jukwaa kwa maarifa. Furaha ya umoja baina ya makabila yaliyokuwa yakishukiana, ari ya mazoezi, haraka ya vijana, vyote vinatazamwa na watu wanaoujua mwisho. Hicho ni kinaya cha kidrama cha kawaida, na kama Hussein angeishia hapo, angekuwa ameandika tamthilia ya huruma: watu jasiri waliodanganyika.

Hakuishia hapo. Katikati ya tamthilia Kinjeketile anapata shaka. Shaka hiyo inatoka katika maneno aliyoyatamka mwenyewe alipopagawa, kwamba wataishi wakiwa watoto wa Seyyid Said. Sasa akiwa na akili zake anauona uzito wa maneno yale: kumtoa bwana mmoja na kumweka mwingine. Anajiuliza kama Hongo amemtumia, na kama aliyesema kwa kinywa chake alikuwa upande wao kweli. Usemi huu wa shaka ndio kiini cha tamthilia. Tukiupima kwa fasili finyu ya uzungumzi nafsi, kwamba mhusika sharti awe peke yake jukwaani, tutaanza kubishana juu ya Kitunda, maana Kitunda ndiye mtu wa pekee anayeshirikishwa siri hii. Ubishi huo hauna faida. Kinachoupa usemi sura ya kujisemea ni kwamba maswali yake hayana mtu mwingine wa kuyajibu. Yanaelekezwa kwa ile sauti iliyosema kwa kinywa chake. Mazungumzo na nafsi hapa si sitiari. Kinjeketile ana maneno mawili, la mtoni na la sasa, na la sasa linalihoji la mtoni.

Tazameni sasa kinachotokea kwa mgawanyo wa maarifa. Kabla ya shaka, hadhira inajua na Kinjeketile hajui. Baada yake, Kinjeketile amevuka na kukaa upande wetu. Anashuku tunachokijua, na hatimaye anakijua. Waliobaki ng'ambo ni umati, na umati hauwezi tena kuambiwa. Neno lililotoka kwake limekua kupita kimo chake na halimtii tena. Anapotaka wangoje, vita vinaanza. Brutus alijisemea akiwa amedanganywa, tukamhurumia kwa sababu tulijua zaidi yake. Kinjeketile anajisemea akiwa amejua, na msiba wake ni kwamba anajua sawa na sisi huku hana uwezo zaidi ya sisi. Mtazamaji asiyeweza kupaza sauti kumwonya mhusika jukwaani amepewa mwakilishi jukwaani: naye pia hawezi kuonya.

Ndiyo maana naona si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba uzungumzi nafsi katika tamthilia hii unafichua mawazo ya ndani ya mhusika. Unafanya zaidi ya hapo. Unamhamisha mhusika kutoka kundi la wasiojua na kumtia katika kundi la wanaojua, na kumwacha hapo bila mwenzake ila mmoja.

Kuna tabaka jingine la kinaya ambalo lilikuwa na uzito zaidi kwa hadhira ya mwanzo kuliko kwa msomaji wa leo. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya vita. Mtazamaji wa 1969 alilisikia jina hilo miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar yaliyouondoa utawala wa kisultani. Kwa hiyo shaka ya Kinjeketile juu ya kubadilisha mabwana ilikuwa na mwangwi wa karibu sana. Mwalimu anayeifundisha tamthilia hii leo hana budi kuueleza mwangwi huo, la sivyo mwanafunzi ataiona hofu ya Kinjeketile kuwa wasiwasi wa jumla tu.

Siku zilizosogezwa

Kinjikitile Ngwale wa historia, mtu wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita kuanza katika nchi ya Wamatumbi mwishoni mwa Julai. Shambulio la boma la Mahenge, ambako bunduki za rashasha ziliua watu wengi, lilikuja mwishoni mwa Agosti. Mtu wa historia, basi, alikufa kabla ya kuona maji yakishindwa kwa kiwango hicho. Hakupewa nafasi ya kujua.

Katika tamthilia Kinjeketile yu hai gerezani baada ya kushindwa. Hussein anatuonya katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu wala si yule wa historia, na hata irabu za jina zinawatenganisha. Wahakiki waliojadili onyo hilo wamelichukua zaidi kama suala la haki ya msanii juu ya historia. Kwa mtazamo wa makala haya, kusogeza siku kuna kazi mahususi: kunamlazimisha shujaa ashuhudie kile ambacho hadhira ilikijua tangu pazia lilipofunguliwa. Sasa hakuna tofauti yoyote ya maarifa kati yake na sisi kuhusu maji. Kinaya cha kwanza kimekwisha.

Ndipo kinapoanza cha pili. Wajerumani wanamtaka aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Kwa maneno mengine, wanataka alichokisema katika uzungumzi nafsi kigeuzwe monolojia mbele ya watu. Kitunda, mwenzake wa siri, anamsihi akubali. Watu wamekufa, na ukweli ni ukweli. Kinjeketile anakataa. Hakatai kwa sababu ameanza tena kuyaamini maji. Anakataa kwa sababu maneno yaleyale, yakisemwa kwa watu wengine, ni tendo jingine. Akiyasema, watoto na wajukuu watarithi kwamba kupigana kulikuwa uongo. Anaweka dau lake kwa watu ambao hawajazaliwa.

Na watu hao ni nani? Ni waliokaa ukumbini. Hadhira ya 1969 inajua jambo ambalo Kinjeketile hawezi kulijua: kwamba bendera ya Wajerumani ilishushwa, na ya Waingereza baada yake ikashushwa mwaka 1961, na kwamba jina la vita vile lilikumbukwa. Tumerudi kuwa juu yake kwa maarifa. Ila kinaya hiki kinakwenda kinyume na cha kwanza. Kile cha kwanza tulijua kwamba tumaini la watu lingevunjika. Hiki cha pili tunajua kwamba tumaini la mtu aliyekwisha kukata tamaa halikuvunjika. Sikumbuki tamthilia nyingine ya Kiswahili ya miaka ile ambamo maarifa ya hadhira yanatumiwa mara mbili kwa njia zinazopingana namna hii.

Pingamizi linaweza kutolewa hapa. Kinaya kinachotegemea historia iliyo nje ya matini, atasema msomaji mkali, si mali ya matini. Siku hadhira itakaposahau, kitatoweka. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Kinaya cha pili kweli kinategemea mahali hadhira ilipo, na msomaji wa leo, ambaye ana maswali yake mwenyewe kuhusu yaliyofuata baada ya bendera kupandishwa, anaweza kulitazama dau la Kinjeketile kwa jicho la baridi zaidi. Huenda hata akamwona Kitunda kuwa ndiye mwenye haki. Kinaya cha kwanza, hata hivyo, kimejengwa ndani. Msomaji asiyejua lolote kuhusu 1905 atakipata kutoka kwa Kinjeketile mwenyewe, pale anapoanza kushuku. Uzungumzi nafsi unafanya kazi ambayo historia ingefanya kama ingejulikana.

Hussein aliendelea kulichokonoa suala hili. Katika Jogoo Kijijini, iliyochapishwa pamoja na Ngao ya Jadi mwaka 1976, aliwaondoa wahusika wote na kumwacha mtendaji mmoja anayesimulia na kuigiza, karibu na fanani wa hadithi kuliko mwigizaji wa tamthilia. Pasipo mhusika wa pili jukwaani hakuna wa kuachwa gizani isipokuwa wasikilizaji wenyewe. Jambo hilo linastahili makala yake.

Kwa waongozaji wa jukwaa, uchambuzi huu unaleta swali la vitendo ambalo uhakiki wa maandishi hauwezi kulikwepa: mwigizaji wa Kinjeketile amtazame nani? Katika usemi wa shaka, akimtazama Kitunda, onyesho linakuwa ungamo baina ya marafiki, na hadhira inabaki na starehe yake ya kujua. Akitutazama sisi, anatufanya washiriki wa siri ambayo umati wa nyuma yake hauna, na kila wimbo wa vita unaofuata utasikika tofauti. Mimi ningemtaka atutazame hapo. Gerezani ningemtaka afanye kinyume: anapokataa kulikana neno, ayaelekeze macho yake kwa Kitunda, aliyesikia kila kitu na bado anamwomba aseme, na atuache sisi, wajukuu anaotusema, tukae tusitazamwe.